Kila wiki mbili, mkononi mwa karani wa maziwa

Wenzangu wanaoendesha kampuni ndogo za programu hapa Tanga hupenda kuniuliza: unawezaje kuwaachia vijana wajipangie kazi wenyewe na mambo yasiharibike? Nawajibu kwamba nawaachia kwa sababu kila baada ya wiki mbili naiona kazi yao ikitumiwa na mtu aliyeiomba. Ningekuwa nasubiri miezi sita ndipo nione, nisingethubutu kumwachia mtu uamuzi hata wa rangi ya kitufe. Uhuru wa timu na ufupi wa raundi, yaani kipindi cha kazi kinachoishia kwa kuonyesha kilichotengenezwa, huzungumzwa kama mambo mawili, kila moja na semina yake. Mimi nimeyaona yakisimama pamoja na kuanguka pamoja, na nitaeleza kwa kazi moja tuliyoianza na ambayo bado tunayo.

Kazi yenyewe ni maziwa. Mkoa huu una wafugaji wadogo wengi, wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, kuanzia huku Pongwe hadi Muheza, Korogwe na kule milimani Lushoto. Maziwa hupelekwa kituoni, yanapimwa, yanapoozwa, kisha gari la tangi linayafuata. Mfugaji halipwi siku hiyo, analipwa mwisho wa mwezi. Muda wote huo ushahidi wake ni kadi aliyonayo yeye na daftari alilonalo karani, na siku ya malipo viwili hivyo visipolingana, hapo pana kesi. Ushirika mmoja, ambao sitautaja, ulitaka programu ya simu ya kumaliza kesi hizo. Sisi tulikuwa watu sita: waandishi wa programu watatu, mjaribu mmoja, mbunifu wa skrini mmoja, na mimi niliyekuwa msimamizi wa bidhaa.

Waraka wa mahitaji tuliokabidhiwa ulikuwa mnene. Ulitaka ripoti za bodi, grafu, mikopo ya pembejeo, ratiba ya mganga wa mifugo, hata ukurasa wa matangazo ya mikutano, na kila kipengele kimeandikwa kuwa ni muhimu sana. Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Tukakaa na meneja wa ushirika tukachagua: raundi ya kwanza iwe na namba ya mwanachama, lita zake, na ujumbe mfupi unaomfikia mfugaji palepale. Basi. Meneja aliona kama tunampunja. Nikamwambia, "Kaka, tupe wiki mbili tu, halafu twende wote kituoni ukaone. Usipoona faida, tuvunje hapohapo."

Asiyewahi kufika kituo cha maziwa asubuhi hawezi kukitengenezea programu, hilo nasema bila kusita. Saa 12 madumu yameshaanza kupangwa mlangoni. Karani anafungua dumu, ananusa, anachovya laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, na kusoma. Ikielea kati ya alama 26 na 32 anaridhika. Ikishuka chini ya hapo anamtazama mwenye maziwa usoni, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya maji. Kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kiasi sawa. Yakifanya vibonge, yanarudi nyumbani. Yaliyo mazima yanamiminwa kwenye ndoo ya kupimia, halafu kwenye tangi la kupoozea, ambalo linapaswa kuyashusha hadi nyuzi 4. Hapo ndipo anapofuta mikono kwenye aproni na kuandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye kadi. Yote hayo kwa kila mtu, huku foleni ikirefuka na jua likipanda.

Programu yetu ya wiki mbili iliingia katikati ya purukushani hiyo na kabla ya saa 1 ikawa imekwama. Mikono ya karani ilikuwa imelowa, na skrini ya simu haisikii kidole chenye maziwa. Anabonyeza 4 inatoka 7, anabonyeza tena haitoki kitu. Meneja alikuwa kando yangu akiona yote. Na hapo ndipo nilipoanza kumwona akibadilika, kwa sababu badala ya kutulaumu alianza kuongea na karani wake kuhusu mambo ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwahi kumuuliza.

Mimi kichwani nilikuwa na vitufe vikubwa zaidi. Nikanyamaza nisubiri timu. Jumatatu mjaribu wetu, ambaye haandiki programu kabisa, alikuja na kibodi ndogo ya tarakimu, ile ya kuchomeka kwa waya, ameivisha nailoni na kuifunga kwa mpira. Waandishi wakabaki na kazi ya kufanya skrini nzima iendeshwe kwa tarakimu na kitufe kimoja cha kukubali. Kazi hiyo sikuigawa. Waligawana wao, mmoja akaacha aliyokuwa akiifanya ili amsaidie mwenzake, na mwisho wa raundi karani alikuwa anaingiza lita bila kutazama vidole. Ningekuwa nimeamuru vitufe vikubwa, wangenitii, wangevitengeneza vizuri sana, na mikono ingebaki imelowa.

Raundi iliyofuata ilitufundisha kuhusu boda. Wafugaji wengi wa mbali hawaji kituoni wenyewe. Kuna kijana wa bodaboda anayekusanya madumu ya majirani, na kila dumu lina alama yake: hili limefungwa kitambaa chekundu shingoni, lile limechongwa herufi kwa msumari, lingine kifuniko chake ni cha rangi isiyo yake. Kijana anazijua zote. Karani anazijua zote. Programu haikuzijua hata moja. "Mwanangu," karani alimwambia mwandishi wetu mdogo, "huyu ana madumu manane na nyuma yake kuna mwingine. Nikianza kutafuta namba ya mmoja mmoja, haya mengine yatachacha hapa mlangoni." Vijana wawili wakaomba wabaki kituoni siku iliyofuata pia. Walirudi na wazo la kumsajili kila boda pamoja na watu wake, ili akifika, karani aandike namba ya boda tu na orodha ijitokeze kwa mpangilio wa madumu yanavyoshushwa. Katika waraka wote ule mnene, neno boda halikuwemo.

Utaratibu huu haukuzaliwa Tanga wala kwetu. Mwaka 1986 wasomi wawili wa Kijapani, Takeuchi na Nonaka, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, zilizokuwa zikitoa bidhaa mpya kwa haraka. Waliona timu ndogo zenye watu wa fani mbalimbali, zikipewa lengo gumu na kuachiwa njia, zikisonga mbele kwa pamoja kama timu ya ragbi badala ya kukabidhiana kazi idara kwa idara. Jambo lililonikaa zaidi katika maandishi hayo ni kwamba wakubwa hawakuondoka. Walidhibiti, ila kwa namna ya chini chini: kwa kuchagua nani aingie kwenye timu, kwa kuruhusu kazi ionekane wazi, kwa kuwapeleka wahandisi wakasikilize wateja. Miaka ya 1990 Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliyageuza mawazo hayo kuwa utaratibu wa kutengeneza programu unaoitwa Skramu (Scrum), na mwaka 2001 watu 17, wao wakiwemo, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko lao la namna ya kutengeneza programu, liitwalo Agile Manifesto. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 unasema timu kwa kawaida iwe na watu 10 au pungufu na raundi isizidi mwezi mmoja. Sisi tumechukua wiki mbili, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya pili. Ijumaa tunaiacha wazi, kwa sababu mji huu Ijumaa mchana ni swala, na asubuhi yake inatosha kwa kikao cha kujitazama.

Kilichobaki kwangu mimi msimamizi ni kidogo kwa idadi lakini kizito. Naamua nini kinatangulia kwenye orodha. Naamua, kwa kushauriana nao, nani anaingia kwenye timu. Na nazuia mtu wa nje asiingize mkono katikati ya raundi. Hili la tatu ndilo linalonichosha. Afisa wa ushirika anapiga simu Jumanne jioni: "Bosi, naomba ile ripoti kesho, bodi inakaa." Anaomba kwa heshima, na kumkatalia mtu anayekuomba kwa heshima si tabia ya kwetu. Nimezoea kumjibu hivi: "Kaka, raundi inafungwa Alhamisi. Jumatatu tunapanga mpya, na ripoti yako nitaiweka juu kabisa." Anaweza kusubiri siku sita kazi yake ianze. Ingekuwa miezi sita, angekuwa na haki ya kugombana nami, na mimi ningelazimika kuvunja utaratibu. Ufupi ndio unaonipa nguvu ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima.

Liko jambo moja linalovunja raundi bila mjadala: hesabu ya lita za mfugaji ikionekana imekosewa. Hapo yeyote katika timu, hata aliyeingia jana, anaweza kusimamisha kila kitu bila kuniuliza. Viwanda vya Toyota vilijulikana kwa kamba ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuivuta na mstari wa kuunda magari ukasimama. Kwetu ni kadi nyekundu inayobandikwa juu ya ubao wetu wa kazi. Ikibandikwa, hakuna anayegusa kingine.

Sasa niseme kuhusu mkataba, maana wengi wanaopenda habari hizi za timu ndogo huishia mlangoni kwa mhasibu. Mhasibu wa ushirika aliuliza swali la haki kabisa: bei ya mwisho ni ngapi, na mwisho wake tunapata nini? Yeye analinda fedha za wanachama, na hawezi kuiambia bodi kwamba tutaona huko mbele. Tulichokubaliana ni kufunga fedha na muda, na kuacha wazi orodha ya vitu. Kuna kikomo cha fedha cha mwaka ambacho hatuwezi kukivuka. Kila raundi ina bei ileile, inalipwa baada ya kuonyeshwa kazi kituoni, mbele ya karani. Kati ya raundi na raundi ushirika unaweza kupangua orodha unavyotaka bila kulipa nyongeza. Na mwisho wa raundi yoyote, upande wowote unaweza kusema imetosha, na programu ilivyo siku hiyo inabaki kuwa mali yao na inafanya kazi. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichomfanya mhasibu asaini. Alielewa kwamba kitu kibaya kinachoweza kumpata ni kupoteza wiki mbili. Na sehemu kubwa ya ule waraka mnene haijaombwa tena na mtu hadi leo.

Lakini kifungu hicho kina gharama kwa timu. Ili programu iweze kuachwa mwisho wa raundi yoyote, ni lazima kila kinachoitwa kimekwisha kiwe kimekwisha kweli. Kwenye ubao wetu maana yake imeandikwa kwa wino: kiko kwenye simu ya karani, kimejaribiwa mtandao ukiwa umekatwa, kina majaribio yanayojiendesha, na mtu mwingine katika timu ameisoma programu yake na anaweza kuirekebisha. La mtandao limetugharimu kuliko yote. Vijiji vya chini ya Usambara mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo simu inatunza rekodi zake na kuzituma ikipata nafasi. Waandishi wawili walibishana vikali namna ya kuzitunza. Walinitazama. Niliwauliza tu mnahitaji siku ngapi kujua nani yuko sahihi. Wakasema mbili. Kila mmoja akajenga yake kwa ufupi, wakazima simu katikati ya kutuma, wakahesabu rekodi zilizopotea, na ubishi ukaisha wenyewe.

Kikao cha asubuhi tunakifanya barazani, tumesimama, dakika 15. Kinakufa siku kinapogeuka kuwa taarifa kwa bosi. Niliona kila anayesema alikuwa anageukia upande wangu, nikahamia nyuma yao, na ubao ukahamishiwa mbele. Siku chache baadaye waliacha kusema "jana nilifanya hiki" wakaanza kusema "hiki kimekwama, nani ana nafasi mchana?" Aliyewahi kuona akina mama wa Makorora, hapa mjini Tanga, wakipika shughuli atakuwa ameona jambo hilohilo: hakuna mwenye daftari la zamu, na mchele hauungui.

Jambo gumu kuliko yote, na ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha katika mafunzo yanayotoka ng'ambo, ni kikao cha Ijumaa cha kujitazama. Utaratibu unadai kila mtu aseme wazi kilichokwenda vibaya. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Mwandishi wetu mkuu amewazidi wenzake umri sana; asubuhi vijana wanamwamkia shikamoo, wanamwita Mzee. Utamwamkia mtu shikamoo saa 2, kisha saa 4 umwambie kwamba anachelewesha kila mtu kwa sababu hataki mwingine aguse sehemu yake ya programu? Vikao vya mwanzo vilikuwa vya shukrani tupu. Kila kitu kizuri, tunamshukuru Mungu, tusonge mbele.

Sikutaka kuwaambia vijana waache heshima, kwa sababu heshima hiyohiyo ndiyo inayowafanya wamsikilize karani wa kituo. Tulijaribu njia nyingine. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi jambo moja linalomkwamisha, bila jina lake na bila jina la mtu, linatajwa jambo lenyewe tu. Karatasi zinachanganywa, kila mtu anasoma ambayo si yake. Ijumaa moja Mzee akajikuta anasoma kwa sauti yake mwenyewe: "Sehemu ya kutuma rekodi ina mtu mmoja tu anayeijua, akiugua tumekwisha." Alikaa kimya, akaiweka chini. Kisha akasema, "Hii ni yangu. Nimeificha kwa kuwa naogopa mtaikuta ovyo." Hakuna aliyecheka. Kijana aliyeketi karibu naye akasema, "Mzee, hata mimi yangu ni ovyo, tukae wote Jumatatu." Raundi hiyo walikaa wawili wawili mbele ya kompyuta moja, mkubwa na mdogo, na tangu hapo Mzee ndiye anayeanza kusema Ijumaa, akianza na lake. Wadogo wanamfuata, kwa kuwa mkubwa akishatangulia, kusema si utovu wa adabu tena. Ningependa sana wanaofundisha mambo haya nchini walichukulie hili kwa uzito. Timu haiwezi kujiongoza ikiwa ukweli unamngoja mtu wa nje auseme, na hapa kwetu mlango wa ukweli unafunguliwa na mkubwa.

Baadaye ushirika ulitaka sehemu ya makato. Mfugaji anachukua pumba, mashudu na dawa kwa mkopo, na deni linakatwa kwenye fedha ya maziwa. Ilihitaji watu zaidi, na wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuongeza viti kwenye meza ileile. Nilichukua karatasi nikawachorea. Watu sita wakiunganishwa kila mmoja na mwenzake ni njia 15 za kuzungumza. Watu 11 ni njia 55. Tukagawanyika timu mbili, na nikawaachia wachague wenyewe nani aende wapi. Ilichukua mchana mmoja. Mjaribu mwenye kibodi ya nailoni alichagua timu mpya, na Mzee akabaki na ya zamani.

Masika yamekaribia. Majani yakiota maziwa yanaongezeka, na wakati huohuo barabara za vijijini zinageuka utelezi, boda wanachelewa, foleni inakuja kwa mkupuo. Timu mpya imeomba raundi ziwe za wiki moja kipindi hicho, kwa sababu kosa kwenye makato likikaa wiki mbili linaingia kwenye malipo ya watu wengi mno. Timu ya zamani imekataa. Kazi yao ya sasa, ya kusoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani, haigawanyiki vizuri kwa siku nne. Kila upande una sababu, nami sikuona haja ya kuwalazimisha wafanane. Walichokubaliana wao kwa wao ni kwamba kila Alhamisi ya pili kazi zote mbili zinakutana kwenye simu moja, kwenye kituo kimoja. Raundi ya kwanza ya wiki moja inaanza Jumatatu. Juu ya orodha kuna makato ya mashudu, na karani wa Muheza ameshaambiwa kwamba Alhamisi tutakuwa mlangoni kwake kabla ya dumu la kwanza.